ISTILAHI ZA MAABARA YA KOMPYUTA: KUFUNGA, KUKOMEA, KUTOKA NA KUZIMA

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza matumizi ya istilahi chache zinazohusu maabara ya kompyuta ya idara ya chuo kikuu. Kwa maabara ya kompyuta tuna maana ya chumba chenye mashine kadhaa ambazo si mali ya mtu mmoja, bali hutumiwa kwa zamu na wanafunzi, walimu na watumishi wengine wa idara. Katika chumba cha namna hiyo mtu huketi mbele ya mashine ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa mikononi mwa mwingine, na ambayo baada ya muda mfupi itakuwa mikononi mwa mwingine tena.

Tumekichagua chumba hicho kwa sababu kinaipima lugha kuliko mahali pengine. Mtu mwenye kompyuta yake nyumbani, au mwenye simu yake mfukoni, aweza kuchanganya maneno bila ya kupata hasara kubwa. Akisema amefunga hali hajafunga, kitu chake kingali chake. Lakini katika maabara inayotumiwa kwa shirika, neno lililowekwa ovyo katika tangazo la ukutani, au katika maelezo ya mwalimu, laweza kumpotezea mwanafunzi kazi ya wiki nzima. Laweza pia kumwachia mtu asiyemjua nafasi ya kuandika barua kwa jina lake.

Hoja yetu ni moja. Kazi ya kuvipa majina vitu vya kompyuta imekwenda mbele sana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, na leo maneno kama kipanya, kibodi, skrini, faili na programu hayamshtui mwanafunzi yeyote. Lakini kazi ya kuvipambanua vitendo haijakamilika. Hapana budi sasa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wavigeukie vitenzi, kwa maana katika maabara ya shirika usalama wa kazi ya mtu hutegemea vitenzi zaidi kuliko majina.

Jina la mashine na jina la chumba

Kuhusu jina la mashine yenyewe hatutakawia. Kompyuta ndilo neno lililoenea nchini Tanzania. Tarakilishi limepata nguvu zaidi katika vitabu vya shule vya Kenya. Na ngamizi nalo limewahi kupendekezwa. Mfasiri na achague moja kwa kuwazingatia wasomaji wake, kisha alishike hadi mwisho wa waraka. Lugha haidhuriki kwa kuwa na maneno mawili ya kitu kimoja. Anayedhurika ni msomaji ayakutaye yote mawili katika ukurasa mmoja, akadhani kuwa ni vitu viwili.

Jina la chumba lahitaji maelezo kidogo. Wapo wanaosema chumba cha kompyuta, na wapo wanaosema maabara ya kompyuta. Katika enzi za mashine kubwa, chumba cha kompyuta kilikuwa chumba cha mashine, wala hakikuwa cha watu. Mashine ilikaa ndani ya ubaridi ikihudumiwa na waendeshaji wake, na mtumiaji wa kawaida aliishia nje akiwa na kadi zake zilizotobolewa, akizikabidhi leo na kurudi baadaye kuchukua majibu. Maabara ni kinyume cha hayo: mtumiaji mwenyewe huingia, huketi na hufanya. Baadhi ya walimu hulipinga neno hili wakisema kwamba maabara ni mahali pa kemia na fizikia. Lakini kiini cha maabara ni mahali pa kujifunzia kwa kujaribu na kutenda, na hilo ndilo lifanyikalo katika chumba hiki. Kwa hiyo tunaona kwamba maabara ya kompyuta lifaa kuendelezwa, na chumba cha kompyuta libaki kwa chumba kinachohifadhi seva, ambamo watumiaji hawaingii.

Chanzo cha istilahi za matumizi ya shirika

Ili tuzipambanue istilahi zenyewe, yafaa tukumbuke zilikotoka. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ulioiwezesha kompyuta moja kuwahudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja. Mashine ilimpa kila mtumiaji kipande kidogo cha muda wake, kisha ikahamia kwa mwingine, na kurudi tena, kwa kasi ambayo ilimfanya kila mmoja ajione kuwa anaitumia peke yake.

Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watu wengi, mambo mawili ilibidi yajulikane: nani anaitumia sasa, na mafaili yaliyomo ni ya nani. Haja hiyo ndiyo iliyoleta akaunti na nywila katika matumizi ya kompyuta. Akaunti ilikuwa hesabu kweli kweli, kwa sababu muda wa mashine ulikuwa ghali na kila mtumiaji aligawiwa saa zake. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliyegawiwa saa nne kwa wiki, aliona hazimtoshi. Kama alivyokuja kueleza mwenyewe miaka mingi baadaye, aliiagiza mashine imchapie faili lenye nywila za watumiaji wote, akapata kutumia muda wa wenziwe.

Tukio la pili la miaka hiyo ya 1960 lina mafunzo zaidi. Corbató, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1990, alilisimulia katika hotuba yake ya tuzo hiyo. Wasimamizi wawili wa mfumo walikuwa wakifanya kazi wakati mmoja katika saraka moja. Mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, ambalo kila mtumiaji hulisoma anapoingia, na mwingine alikuwa akihariri faili la nywila. Programu waliyoitumia iliweka kazi za wote wawili katika faili la muda lenye jina lile lile, na mambo yakabadilishana. Kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za watu wote mahali pa tangazo. Hapakuwapo mtu mwenye nia mbaya. Waliotunga programu walidhani kwamba katika saraka ile angefanya kazi mtu mmoja tu kwa wakati mmoja.

Dhana hiyo hiyo ndiyo inayoharibu matangazo mengi ya maabara zetu: yameandikwa kana kwamba kila mashine ina mtu wake mmoja.

Kuingia

Tarehe 1 Mei 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, New Hampshire, walifaulu kuendesha mfumo mwingine wa kutumia mashine kwa shirika, pamoja na lugha ya programu iitwayo BASIC. Nia yao ilikuwa kwamba kompyuta itumiwe na wanafunzi wote, wa sanaa kama wa sayansi. Kwa sababu hiyo waliyaacha maneno ya mafundi. Amri ya kuingia ikawa neno la kuamkiana, na amri ya kutoka ikawa neno la kuagana.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji humkaribisha, na aondokapo huaga. Mgeni aliyeondoka bila ya kuaga, wenyeji watadhani yu ndani bado, na chakula chake kitapakuliwa. Mashine nayo humhesabu hivyo hivyo mtumiaji aliyeinuka kitini bila ya kuiaga. Mwalimu anayefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza atafanya vyema kuanza na mfano huu kabla ya istilahi yoyote.

Hata hivyo, istilahi ya waraka rasmi hapana haja iwe kupiga hodi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kitendo hiki asili yake ni gogo. Mabaharia walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba ili wapime mwendo wa meli. Vipimo vikaandikwa katika daftari. Daftari likapewa jina la gogo. Na hatimaye kujiandikisha katika mashine kukaitwa kwa jina la daftari. Mfasiri anayefuata neno badala ya maana atafika kwenye gogo, na msomaji wake hatafika popote. Kiswahili kina kuingia, nalo linatosha kwa sharti moja: kisemwe kinachoingiwa. Kuingia maabarani ni kupita mlangoni. Kuingia katika akaunti ni kujitambulisha kwa mashine. Tangazo linalosema kwamba kila anayeingia aandike jina lake halijaeleza kama jina laandikwa katika daftari la mlangoni au katika skrini.

Kuhusu kitu anachokitoa mtumiaji ili athibitishe kuwa ndiye, kuna maneno matatu: neno la siri, nenosiri na nywila. Mawili ya kwanza yana faida ya kueleweka upesi, lakini yana ila moja, nayo ni kumfanya mwanafunzi adhani kwamba anatakiwa neno. Neno lipatikanalo katika kamusi ndilo lililo rahisi kubahatishwa. Kinachotakiwa ni mfuatano mrefu wa herufi, tarakimu na alama. Nywila haina mzigo huo, tena ni fupi, na imekwisha kuzoeleka. Makala haya yanaitumia hiyo.

Kufunga, kushindika na kukomea

Hapa ndipo penye tatizo kubwa. Kitenzi kufunga kina maana nyingi sana katika Kiswahili: hufungwa mlango, mzigo, safari, ndoa, saumu na bao. Katika maabara ya kompyuta kitenzi hiki hicho kimebebeshwa vitendo vinne. Mtu husema amefunga dirisha la programu alipolibofya pembeni likatoweka. Husema amefunga faili alipomaliza kuliandika. Husema amefunga kompyuta alipoiweka katika hali ya kudai nywila kabla ya kutumika tena. Na wengine husema wamefunga kompyuta walipoizima kabisa.

Vitendo hivi vina matokeo mbalimbali. Aliyefunga dirisha ameacha akaunti yake wazi, na mtu yeyote atakayeketi baada yake ataweza kuyafungua mafaili yake, kuyabadili, au kuyafuta, na daftari la kumbukumbu la mfumo litaonyesha jina la yule aliyeondoka. Aliyeiweka mashine katika hali ya kudai nywila amezilinda kazi zake, lakini amewazuia wenziwe wasiitumie mashine, na kama ameondoka kwenda kula, foleni ya mlangoni itamsubiri yeye. Aliyezima amekimaliza kipindi chake cha matumizi, lakini kama kazi yake haikuhifadhiwa huenda imepotea.

Kanuni inayojulikana ya kuunda istilahi ni kwamba tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kwenda kwingine. Tukitafuta katika maneno ya mlango wa nyumba tutakuta kwamba wahenga wetu walikwisha kuyatenga mambo haya. Mlango ulioshindikwa umerudishwa mahali pake, lakini haukutiwa komeo wala ufunguo, ukisukumwa hufunguka. Mlango uliokomewa umetiwa komeo, na wa nje hapiti mpaka wa ndani aondoe. Mtoto akiambiwa ashindike mlango haendi kutafuta ufunguo, na akiambiwa akomee hauachi wazi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kufunga kubaki kwa dirisha, faili na programu, kwa kuwa matumizi hayo yameenea na yanakwenda sambamba na kinyume chake, kufungua. Kwa kitendo cha kuizuia mashine mpaka nywila itolewe tena, tunapendekeza kukomea, na kinyume chake kukomoa. Kushindika hatukupendekezi kuwa istilahi, lakini mwalimu aweza kulitumia katika kueleza: aliyefunga dirisha tu ameshindika mlango, wala hajaukomea.

Jambo hili limekuwa zito zaidi siku hizi kwa sababu mashine ya kwanza ya wanafunzi wengi ni simu ya mkononi. Simu huwa ni ya mtu mmoja. Mwenyewe huikomea mara nyingi kwa siku, lakini kutoka katika akaunti zake ni jambo la nadra, kwa sababu hakuna ajaye baada yake. Mwanafunzi huyo afikapo maabarani huja na mazoea ya simu. Anafunga dirisha, anainuka, anakwenda zake, kwa moyo mweupe. Mwalimu akimwambia tu kwamba afunge, hajamwambia jambo asilolifanya.

Kutoka na kuzima

Kutoka katika akaunti ni kuiaga mashine: kuiambia kwamba mimi fulani nimemaliza, na yeyote atakayetumia baada yangu si mimi. Mashine hubaki inawaka, tayari kwa mwingine. Kuzima ni kuiondoa mashine kazini. Kuwasha upya ni kuizima na kuiwasha mara moja. Katika maabara yenye watu wanaosubiri, kinachotakiwa kwa kawaida ni kutoka, na kuzima huachiwa mtu wa mwisho au msimamizi.

Yapo mambo mawili ambayo tangazo zuri litayataja. Kwanza, kuzima skrini si kuzima kompyuta. Skrini za mezani huwa na kitufe chao, na mtu aonaye giza hudhani kwamba kila kitu kimelala, kumbe akaunti ingali wazi nyuma ya giza hilo. Pili, akaunti ya maabara na akaunti ya barua pepe ni mbili. Mtu aliyefunga kivinjari bila ya kutoka katika barua pepe yake anaweza kuikuta imefunguliwa na mwingine katika akaunti ile ile ya mashine, hasa katika maabara ambazo watumiaji wote hutumia akaunti moja ya idara.

Watumishi wa serikali wana sababu ya pekee ya kuzingatia tofauti hizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania hulitenga kosa la kuingia katika mfumo wa kompyuta isivyo halali na kosa la kubaki ndani ya mfumo isivyo halali. Nayo marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba vitenzi hivi vyaweza kusomwa mbele ya hakimu. Pale ambapo shahidi atasema kwamba mshtakiwa aliikuta kompyuta imefungwa, mahakama itataka kujua ilikuwa imefungwaje: dirisha limefungwa, mashine imekomewa, au umeme umezimwa. Jibu laweza kuwa ndilo tofauti kati ya mtu aliyeukuta mlango wazi na mtu aliyevunja komeo.

Kuna pia suala la adabu. Neno toka, likisimama peke yake, ni neno la kumfukuza mtu, na si ajabu msomaji akalichukia likimtazama kutoka kwenye skrini. Likikamilishwa, yaani toka katika akaunti, ukali wake hupungua kwa sababu msomaji anaona mahali anapotoka. Katika matangazo ya ukutani ni bora kutumia hali ya kutaka, kama vile mtumiaji atoke katika akaunti yake, kuliko amri tupu.

Kuhifadhi

Kitenzi kuhifadhi kina heshima kubwa katika lugha yetu. Huhifadhiwa misitu, mali ya urithi, na msahafu moyoni. Msikilizaji akisikia kwamba kitu kimehifadhiwa huelewa kwamba kitadumu. Katika kompyuta, kitendo kinachoitwa hivyo huiondoa kazi katika kumbukumbu ya muda na kuiandika katika faili. Kudumu kwake hutegemea faili hilo limewekwa wapi.

Katika maabara ya shirika mahali hapo ni jambo la msingi. Kazi yaweza kuwekwa katika diski ya mashine iliyo mbele ya mtumiaji, au katika seva ya idara, au katika diski ndogo aliyokuja nayo. Maabara nyingi huzipanga mashine zake zirudi katika hali yake ya awali kila ziwashwapo upya, ili kuondoa virusi na takataka zilizoachwa na watumiaji. Ni mpango mzuri, lakini humeza chochote kilichowekwa katika diski ya mashine. Mwanafunzi aliyefuata tangazo lisemalo kwamba kazi zote zihifadhiwe kabla ya kuzima, akaiweka tasnifu yake juu ya skrini, atairudia kesho asiikute, naye atakuwa ametii kila neno la tangazo.

Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi yanayohusu mashine za shirika, kuhifadhi kusiandikwe bila ya kutaja mahali: hifadhi katika seva ya idara. Nakala ya pili inayowekwa mahali pengine kwa tahadhari yaweza kuitwa nakala ya akiba. Baadhi ya wafasiri wamekwisha kuiita chelezo, neno lenye shina moja na kuelea, ambalo ni la wavuvi na mabaharia. Chelezo huelea juu ya maji na kumwonyesha mvuvi mahali ulipo mtego wake uliozama. Ni neno zuri, na kwa watu wa pwani halihitaji maelezo. Kwa wengine mwalimu alieleze mara moja, halitasahauliwa.

Kufuta, kughairi na kutendua

Makosa mengine hutokana na kitenzi kufuta. Hutumika kwa kuondoa faili, na hutumika pia kwa kuacha jambo lililokuwa karibu kufanywa, kama tusemavyo kufuta safari. Mtumiaji akiulizwa na mashine kama anataka kulifuta faili, kisha akaonyeshwa vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine kilichoandikwa futa, hana njia ya kujua kama kitufe cha pili kitalifuta faili au kitalifuta swali. Kiswahili kina kughairi kwa mtu aliyebadili nia kabla ya kutenda. Kufuta kubaki kwa kuondoa kilichopo. Kughairi kutumike kwa kuacha kilichokusudiwa.

Kwa kurudisha nyuma kitendo kilichokwisha kufanyika, kutendua ni istilahi iliyoundwa kwa kufuata sarufi ya lugha yenyewe. Kama vile kufunga kulivyo na kufungua, na kuziba kulivyo na kuzibua, kutenda kumepata kutendua. Hii ni sifa ya istilahi njema: asiyewahi kuisikia aweza kuifahamu kwa kuitazama.

Kuchapa na kuchapisha

Katika maabara yenye printa moja kwa watu wengi, kazi hujipanga katika foleni, na kila kazi hutoka kwa zamu yake. Tangazo huwataka watumiaji wasichapishe zaidi ya kurasa fulani. Lakini kuchapisha kwa maana yake iliyozoeleka ni kutoa kitabu au gazeti kwa ajili ya wasomaji, na leo hutumika vilevile kwa kuweka habari katika tovuti. Mtumishi anayebofya chapisha akitaraji karatasi, kumbe anaitangaza rasimu kwa umma, atakuwa na la kujibu ofisini. Kuchapa kutumike kwa kutoa karatasi, kuchapisha kwa kutangaza, na kazi ya vidole katika kibodi iitwe kuandika.

Mfano wa tangazo

Ili kuonyesha uzito wa hayo tuliyoyasema, tumetunga tangazo lifuatalo kwa kutumia maneno ambayo hutumika mara kwa mara:

"Kila mtumiaji ahakikishe amefunga kompyuta kabla ya kutoka. Ni marufuku kufunga kompyuta kwa zaidi ya dakika 10. Kazi zote zihifadhiwe kwenye kompyuta. Usifute uchapishaji wa mwenzako."

Sentensi ya kwanza inaamrisha jambo ambalo ya pili inaelekea kulikataza. Kutoka hakujulikani kama ni kutoka katika akaunti au kutoka mlangoni. Sentensi ya tatu inampeleka msomaji mahali ambapo kazi yake itafutika. Ya nne yaweza kueleweka kwa namna tatu. Hakuna neno hata moja la kigeni lililo gumu katika tangazo hili. Ugumu wote umo katika vitenzi vya kila siku. Tukilirekebisha litakuwa hivi:

"Mtumiaji ahifadhi kazi yake katika seva ya idara au katika diski yake mwenyewe, kazi iliyoachwa katika diski ya mashine itafutika mashine iwashwapo upya. Akimaliza, atoke kwanza katika barua pepe yake, kisha katika akaunti ya maabara. Asizime mashine isipokuwa yeye ndiye wa mwisho. Akiondoka kwa muda mfupi aikomee mashine, lakini si kwa zaidi ya dakika 10. Asiondoe katika foleni ya printa kazi ya mtu mwingine."

Tangazo la pili ni refu zaidi ya la kwanza, na hilo si aibu. Ufupi ni sifa pale tu ambapo msomaji anaelewa.

Muhtasari wa mapendekezo

Kuingia katika akaunti: kujitambulisha kwa mashine kwa jina na nywila.

Kufunga: kumaliza kutumia dirisha, faili au programu, akaunti ikiwa ingali wazi.

Kukomea: kuizuia mashine isitumike mpaka nywila ya mtumiaji yule yule itolewe tena. Kinyume chake ni kukomoa.

Kutoka katika akaunti: kumaliza kipindi cha matumizi na kuiacha mashine tayari kwa mtu mwingine.

Kuzima: kuiondoa mashine kazini.

Kuhifadhi katika (mahali): kuiandika kazi katika faili mahali palipotajwa.

Nakala ya akiba, au chelezo: nakala ya pili iliyowekwa mahali pengine kwa tahadhari.

Kufuta: kuondoa kilichopo.

Kughairi: kuacha kilichokusudiwa kabla hakijafanyika.

Kutendua: kurudisha nyuma kilichokwisha kufanyika.

Kuchapa: kutoa maandishi katika karatasi.

Kuchapisha: kutangaza maandishi kwa umma.

Hitimisho

Mapendekezo haya yanatolewa kwa ajili ya mjadala. Istilahi haiwi sanifu kwa sababu afisa mmoja ameiandika. Huwa sanifu ikishajadiliwa katika vikao, ikapimwa na watumiaji, na ikakubaliwa. Kukomea hasa ni neno ambalo tungependa lijaribiwe. Huenda walimu wa bara, ambako komeo halijulikani sana, wakawa na neno jingine la mlango lililo bora zaidi. Tungewaomba walimu walibandike tangazo lililorekebishwa katika maabara zao kwa muhula mmoja, waangalie ni sentensi ipi inayoulizwa maswali na wanafunzi, kisha watuandikie. Sentensi hiyo ndiyo itakayohitaji kuandikwa upya.